Asubuhi Verla Alipopima Ganda la Mwisho

Verla Stokke alichonga vyuma miaka thelathini na mmoja katika kiwanda cha mbao kilichokuwa mwisho wa bonde letu, huku Montana. Kiwanda kilipofungwa alirudi nyumbani na vidole vilivyojua unene wa kitu kabla ya kipimo kusema. Hakuolewa. Aliishi na mbwa kiziwi, akala nyama ya kulungu na mkate aliooka mwenyewe, akanywa kahawa nyeusi kutwa. Mimi nilikuwa jirani yake, uzio mmoja tu kati yetu.

Wapiga shabaha wa bonde zima walimjua. Watu wanaojaza risasi zao wenyewe hawatupi maganda ya shaba yanayobaki baada ya kufyatua; huyaokota, huyasafisha, wakatia baruti na risasi mpya. Walio makini zaidi hunyoa pia shingo ya ganda, pale inapokaa risasi, mpaka unene uwe sawa pande zote. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Verla. Alizungusha ganda moja moja kwa mkono ndani ya kikatio, nyuzi za shaba nyembamba kama nywele zikimwagikia aproni yake.

Aliyempelekea kazi nyingi kuliko wote ni mdogo wake, Orrin. Huyu bunduki yake aliiagiza kwa fundi, akataka nafasi ya shingo ndani ya mtutu iwe ndogo mno, ganda lisicheze hata kidogo. Ganda la dukani halikuingia humo mpaka linyolewe. Likilazimishwa likiwa nene, shingo haina pa kutanukia, risasi inabanwa, na nguvu ya baruti inatafuta pengine pa kutokea. Na nyuma ya bunduki ndipo ulipo uso wa mtu.

Baridi yabisi ilipomshika Verla vidole, Orrin alimletea drili ya betri.

"Funga ganda hapa mbele, bonyeza, basi. Utamaliza mia kahawa ikiwa bado ya moto."

"Drili haina vidole, Orrin. Haitaniambia kitu."

"Na hivyo vyako vinakuambia nini siku hizi, dada? Si vinalia tu!"

Wakacheka wote wawili, na Verla akaichukua.

Oktoba ile Orrin alikuwa akijiandaa kwa mashindano. Jumatano Verla alimnyolea maganda sitini kwa drili, akiyapanga kwenye sanduku kwa mfuatano wa kukatwa kwake. Kumi ya kwanza aliyapima, yakawa sawasawa. Halafu mikono ikaanza kumuuma, akaiamini mashine. Jioni Orrin akaja kuyachukua, akaenda kuyajaza mwenyewe.

Ijumaa asubuhi nilipita kumrudishia bakuli lake. Nilimkuta amesimama kwenye meza ya kazi, mikromita ya kupimia unene mkononi na ganda moja mbele yake. Alilipima, akalipima tena.

"Hili lilianguka chini ya meza," alisema hatimaye. "Ndilo nililokata mwisho. Ni nene."

"Nene kiasi gani?"

"Unywele. Lakini bunduki ya Orrin haina nafasi ya unywele."

Akagusa kisu cha kikatio kwa ukucha. Kikasogea. Mtikisiko wa drili ulikuwa umelegeza skrubu ndogo inayokishika, na kisu kilirudi nyuma kidogo kidogo, ganda baada ya ganda, na yeye hana habari.

"Si litagoma tu kuingia?" nilimuuliza.

"Litakuwa gumu. Na Orrin akikuta kitu kigumu hufanya nini?"

Nilishawahi kumwona Orrin akifungua mlango wa gari ulioganda kwa barafu kwa kuupiga teke.

Tulimpigia simu, hakupatikana. Kule kwenye shimo la kokoto anakojaribia bunduki hakuna mtandao. Verla hakuweza kushika usukani vizuri, kwa hiyo niliendesha mimi. Aliteremsha kioo ingawa baridi ilikuwa inakata masikio.

Tulipovuka daraja tukasikia mlio wa kwanza.

"Yuko salama," nikasema.

"Nyamaza, jirani. Nahesabu."

Ukaja wa pili, wa tatu. Kati ya mlio na mlio ilipita kama nusu dakika. Mwendo wake wa kawaida, Verla alisema. Anayatoa kwenye sanduku kwa mfuatano, ya mwanzo ndiyo mazuri. Tulipoingia njia ya changarawe, kimya kikawa kirefu zaidi. Mlio, kisha dakika nzima. Mlio mwingine, kisha zaidi ya dakika.

"Komeo la bunduki linamsumbua," Verla alisema. Alishika dashibodi kwa mikono yote miwili. "Acha, Orrin. Acha kitu hicho, wewe mtoto. Jirani, piga honi!"

Nilipiga honi mfululizo. Lakini mtu aliyeziba masikio kwa ajili ya bunduki hasikii honi nyuma ya kilima.

Mlio uliofuata haukufanana na mingine. Ulikuwa kama ubao mzito unaopasuka. Baada yake hatukusikia kitu.

Tulimkuta ameketi chini kando ya meza ya kupigia shabaha, kiganja juu ya jicho la kulia, damu ikipenya kati ya vidole. Kitako cha bunduki kilikuwa kimepasuka kwa urefu.

"Nani?" aliuliza.

"Mimi," Verla akasema.

"Dada, jicho hili halioni."

"Usilisugue. Nipe mikono."

Hospitali ilikuwa mwendo wa saa mbili. Njia nzima Verla alikaa naye kiti cha nyuma, amemshika vifundo vya mikono kwa vidole vyake vyenye maumivu. Alimwambia bila kuzunguka: skrubu ililegea, na nilipima kumi tu.

"Manne ya mwisho niliyasukuma kwa kiganja," Orrin alisema. "Ungekuwa wewe, ungeacha."

"Ningeacha."

"Basi."

Miwani aliyovaa iliokoa jicho la kushoto. Katika lile la kulia madaktari walitoa kipande cha shaba kidogo kuliko punje ya mchele, kilichopenya pembeni ya miwani. Likabaki kuona mwanga tu. Orrin alimwambia kila mtu kwamba kosa ni lake. Verla hakubishana na mtu. Alirudisha maganda ya wenyewe, nyumba kwa nyumba, na hakunyoa tena.

Novemba, kwenye chakula cha sikukuu ya Shukrani, nilialikwa kwao. Orrin alikuwa na mizaha yake ileile. Verla akampitia upande wa kulia na bakuli la viazi, na Orrin, aliyekuwa hajamwona, akaruka na kuinua mkono kujikinga uso.

"Ni wewe?" alisema.

"Ni mimi."

Verla aliweka bakuli mezani, akazunguka taratibu mpaka upande wa pili, akaketi pale ambapo mdogo wake angeweza kumwona.