Mfuko wa Mwisho wa Mama

Mama alipofariki aliacha mfuko mmoja. Ulikuwa na muthokoi, yale mahindi yetu yaliyotwangwa maganda yakatoka, pamoja na majani ya kunde. Vyote alikuwa amevipika vikaiva, akavianika kivulini hadi vikakauka kabisa. Ndivyo alivyonifungia chakula kila likizo nilipoenda kulala milimani na hema langu. Kazi yangu ilikuwa maji na moto tu. Sikuthubutu kuufungua, mpaka Agosti nilipoona fukusi kwenye kabati. Nikaamua kwenda kuula kwenye milima ya Iveti, kileleni, mahali ambapo kijiji alikozaliwa Mama kinaonekana chote.

Asubuhi nilitoka nyumbani Muthetheni kwa lori la kokoto. Dereva alipiga domo hadi Machakos mjini. Mimi nilijibu "ndio" tu.

Mchana nilianza kupanda. Ukungu ulishuka, kisha manyunyu, na hapakuwa na mtu njiani. Nilipopita boma moja, mwanamke aliniita kutoka jikoni. Jina lake Mama Mutheu.

"Kuja ndani, kijana. Unatembea na mvua kama mtu hana kwao?"

Neno hilo liliniuma. Niliingia, nikaanza kutoa vitu begini nitafute shati kavu, nikauweka mfuko mezani. Aliupokea kwa mikono miwili.

"Asante sana. Wewe umelelewa."

Kwetu, mgeni akiweka chakula mezani amewaletea wenyeji. Kabla sijapata la kusema, muthokoi wa Mama ulikuwa ndani ya sufuria ya maharagwe yao. Nilikasirika, nikataka kulia. Lakini ningeudai vipi?

Tulikula na mumewe na watoto. Nilipata upawa mmoja kama wengine. Chumvi ilizidi kidogo, kama kawaida ya Mama.

"Nani alianika hii?" Mama Mutheu aliuliza.

"Mama yangu."

"Mkono yake ni mzuri. Mwambie nimesema asante."

"Nitamwambia," nilijibu, nikainamia sahani.

Nililala kwao, na kesho yake nilirudi bila kufika kileleni, maana sikuwa tena na cha kwenda kula huko. Mama Mutheu hakuurudisha mfuko mtupu. Aliujaza majani mabichi ya kunde ya shambani kwake.

Jioni, nyumbani, nilipitia kaburini kwanza nikatoa zile salamu. Kisha nikachemsha kunde ili nizianike. Miaka yote nilimwona Mama akianika, na sikuwahi kumuuliza chochote. Safari hiyo ilinifundisha hilo tu. Nilitia chumvi, nikaonja, nikageuka kumuuliza mtu kama imetosha.