Mwalimu Phyllis, Wivu na Insha Arobaini na Tatu

Saa kumi na mbili u nusu asubuhi, chumba cha walimu katika shule moja ya kutwa karibu na Giakanja, Kaunti ya Nyeri, kina mtu mmoja tu. Phyllis Wacera hajavua koti lake la mvua. Mbele yake kuna insha arobaini na tatu za Kidato cha Nne, alizozisahihisha kwa wino mwekundu na kuzirudisha, kisha akazikusanya tena. Leo ameshika kalamu ya kijani, anakata alama zake mwenyewe na kuandika nyingine pembeni.

"Hizi nilisahihisha Jumanne nikiwa na hasira," anasema bila kuinua macho. "Sasa niko na kazi mara mbili."

Hasira yenyewe, anakiri baada ya kikombe cha chai, ilikuwa wivu.

Phyllis, 41, amefundisha fasihi kwa miaka kumi na mmoja. Ameajiriwa na bodi ya shule kwa Sh14,000 kwa mwezi, na ameomba ajira ya serikali mara sita bila mafanikio. Lakini kuna jambo moja ambalo hakuna aliyewahi kumbishia: hadithi fupi. Mpe hadithi ya kurasa nane, naye atakutolea maudhui, sifa za wahusika na mbinu za lugha kabla chai haijapoa. Daftari lake la maelezo, lililofunikwa kwa karatasi ya kaki, limeazimwa na walimu hadi Gatitu.

Kisha, wiki mbili zilizopita, wanafunzi wake wakamwomba mwalimu mkuu amwalike Sadiyo Muse.

Shule za huku zina desturi ya kualika mwalimu wa nje kabla ya mtihani wa majaribio, Jumamosi nzima, awapitishe watahiniwa kwenye vitabu teule. Sadiyo, 28, anafundisha Nanyuki, na jina lake limevuma. Serikali ilimwajiri mapema. Kiswahili chake kinatiririka.

"Nikauliza, ati wanafunzi wangu mimi ndio wamemwomba?" anasimulia Phyllis. "Nilihisi kama mtu ambaye mume wake ameonekana akila kwa jirani."

Jumamosi hiyo alivaa suti aliyoshonewa kwa harusi ya dadake, akaketi nyuma ya ukumbi na daftari lake, akingoja mgeni akosee. Hivyo ndivyo anavyosema mwenyewe.

Hadithi ya siku hiyo ni ya Tabu, mshonaji aliyenunua cherehani na kuinuka kimaisha. Anayeisimulia ni jirani yake, mwanamke asiyetajwa jina, ambaye anatueleza jinsi Tabu alivyoanza kudharau watu mpaka wateja wakamkimbia. Kwa miaka mitatu Phyllis amefundisha kwamba maudhui makuu ni majivuno, na Tabu ndiye mwenye majivuno hayo. Daftari lina hoja saba.

Sadiyo aliuliza swali moja tu. Huyu anayetusimulia, haya yote aliyaonea wapi?

Ukumbi ukafungua vitabu. Ukurasa wa pili, alichungulia kwenye ua. Ukurasa wa nne, alisikia kwa watu kisimani. Ukurasa wa sita, Tabu alimletea gauni la zawadi, naye akalifanya tambara la kupangusia meza, kisha akatuambia kwamba Tabu ni mchoyo.

Phyllis akasimama. "Mwalimu, hadithi inasema wazi Tabu ana majivuno."

"Inasema hadithi, mwalimu wangu, au anasema jirani?" Sadiyo alimjibu kwa upole.

Upole huo ndio uliomchoma. Aliketi masikio yakiwaka, huku wanafunzi wake wakiandika kwa kasi ambayo hajawahi kuiona darasani mwake.

"Jumatatu hakugusa mandazi," anasema Mutahi, mwalimu wa Hisabati anayeketi naye meza moja. "Nikajua kuna maneno."

Jumatatu hiyo aliwaambia wanafunzi kwamba mgeni amewapotosha, akawapa insha kuhusu Tabu. Thelathini na wanne walirudi kwenye majivuno. Tisa walikataa, wakaandika kuhusu wivu wa jirani, naye akawakata alama wote. Warigia Mugo, mmoja wa hao tisa, alipata alama nne kwa ishirini.

Jumatano Warigia alimfuata na karatasi yake.

"Sikuja kubishana, mwalimu. Unionyeshe tu mahali Tabu mwenyewe amesema maneno ya majivuno, ndio nisikosee kwa mtihani."

Phyllis alifungua kitabu amwonyeshe. Alipekua kurasa zote nane, msichana akiwa amesimama pale. Katika hadithi nzima Tabu anasema maneno matatu tu, siku ile ya gauni: "Lipokee, dada yangu."

"Nilimwamini yule jirani," anasema Phyllis. "Sikumuuliza swali hata moja, kwa sababu alikuwa anaongea vile mimi huongea juu ya Sadiyo."

Angeweza kunyamaza. Mtihani wa majaribio uko wiki tatu mbele, na mwalimu mkuu bado hajaamua nani atafundisha Kidato cha Nne mwaka ujao. Lakini akinyamaza, wanafunzi thelathini na wanne wataingia mtihanini na jibu ambalo yeye mwenyewe halikubali tena.

Saa mbili asubuhi anaingia darasani na kugawa karatasi. Warigia sasa ana kumi na saba.

"Jumatatu niliwaambia mgeni amewapotosha," anasema. "Mimi ndiye niliwapotosha. Nilikuwa na wivu."

Mmoja anacheka, kisha anaacha. Mwingine anauliza, "Kwa hivyo maudhui ni gani, mwalimu?"

"Wivu. Fungueni ukurasa wa pili niwaonyeshe vile unafanya kazi."

Kwa simu kutoka Nanyuki, Sadiyo anasema swali lile hakulitoa chuoni. "Baba yangu anauza ng'ombe. Mtu akimsifia ng'ombe, au akimponda, baba huuliza kwanza ng'ombe ni wa nani, ajue anayesema anatafuta nini. Mimi nimelipeleka kwenye hadithi tu."

Je, wivu umeisha? Phyllis anatikisa kichwa. Jana alisikia Sadiyo ameitwa na shule moja ya Timau, na roho ikamuuma vilevile.

Hata hivyo amempigia simu na kumwalika tena mwezi ujao. Safari hii hadithi ni nyingine, na atakayefundisha ni Phyllis, mgeni akisikiliza. Sadiyo amekubali. Phyllis amekwisha kuisoma hadithi hiyo mara tano, na daftari la kaki ameliacha nyumbani.

"Nataka akirudi Nanyuki aende akinionea wivu," anasema, akikusanya vitabu vyake. "Hata kidogo tu."