Kijitabu Kilichotoka Ndani ya Programu

Kwa muda mrefu niliamini kwamba anayetaka kujua kitu atanipigia simu. Nikiwa nyumbani kwangu Kwamndolwa, Korogwe, nilikuwa nimeandika programu nne ndogo za kutunza kumbukumbu za maabara. Kompyuta za vituo vya afya vilivyozitumia zilikuwa kuukuu, hivyo kila kazi ilifanywa kwa kuchapa amri kwenye skrini nyeusi. Mtu akikwama alinipigia, nami nikamwambia, "Chapa hivi, halafu hivi," yakaisha.

Kisha kituo kimoja cha Handeni, upande wa Chanika, nacho kikaanza kuzitumia. Mtunza kumbukumbu wake alikuwa dada mmoja aliyenizidi miaka kama kumi. Wiki ya kwanza tu akanitumia ujumbe: "Mdogo wangu, wenzangu wanasema ukikwama unampigia yule binti wa Korogwe. Mimi ni kiziwi tangu utotoni. Nifanyeje?"

Nilimjibu upesi, kwa kujiamini, kwamba kila programu ina maelezo yake ndani: achape jina la programu, kisha neno "msaada". Akanitumia picha za daftari lake. Alikuwa ameshafanya hivyo kabla hata ya kuniuliza. Maelezo yangu, ya mkato, nusu Kiingereza nusu Kiswahili, yalikuwa yanapanda na kupotea juu ya skrini kabla hajamaliza kuyasoma, kwa hiyo aliyarudia tena na tena akiyanakili kwenye daftari. Kurasa tisa za mwandiko mzuri ulionyooka, na makosa yangu yote ya tahajia yamo humo humo. Aliyaandika kama yalivyo, akidhani yana maana.

Niliona aibu siku nzima.

Kumwandikia kitabu kwa mkono kusingesaidia, maana programu zilibadilika kila mara na kitabu kingeachwa nyuma. Nikatunga programu ya tano. Kazi yake ni kuziita zile nne moja moja, kuziomba maelezo ya msaada, kisha kuyapanga: jina la amri liwe kichwa cha habari, chini yake kazi ya amri hiyo, halafu jedwali la vipengele vyake, yaani maneno ya ziada yanayochapwa baada ya amri. Nilichapisha kilichotoka, nikapanda basi la asubuhi kwenda Handeni, bahasha mapajani.

Alinipokea kwa mikono miwili, akanikalisha, akanimiminia chai. Tuliongea kwa kuandikiana kwenye karatasi. Alikisoma kijitabu polepole, kidole kikifuata mstari, kisha akachora duara jekundu.

"Hiki kipengele kinaitwa 'ya tarehe hiyo'?" aliandika.

Nikatazama. Mahali ambapo maelezo yalikuwa marefu yakakatika mistari miwili, programu yangu ilidhani mstari wa pili ni kipengele kipya. Nikacheka, naye akacheka kwa sauti kubwa mpaka mtu wa maabara akachungulia.

"Nitarekebisha," niliandika.

"Na hapa unasema 'taja faili'. Faili gani? Mimi nina mafaili ya karatasi kabati zima."

Mpangilio ulikuwa mzuri, ila kilichopangwa kilikuwa maneno yangu mabovu. Tulikaa mpaka alasiri tukiyaandika upya ndani ya programu zenyewe, sentensi kwa sentensi. Mimi nilieleza amri inafanya nini, yeye akaandika jinsi mtu wa pale mezani angeisema. Alitaka kila amri ianze na mfano. Nilipokuwa nachapa aliweka kiganja juu ya meza, akisikiliza kwa ngozi vidole vyangu vikigonga. Kijitabu cha pili kilipotoka kwenye printa, alipokea kurasa moja moja zikiwa bado na joto. Programu ya tano niliiacha kwenye kompyuta yake, ili kila nitakapotuma mabadiliko itoe kijitabu kipya.

Miezi kadhaa baadaye nilibadilisha amri ya kutafuta majibu, na kwa uzembe wangu sikumwarifu mtu. Vituo vingine vilinipigia asubuhi nzima. Chanika kimya. Mchana nikampigia yule mtu wa maabara.

"Aa, sisi tumeshaelewa," alisema. "Dada ametuonyesha."

Kijitabu kipya kilikuwa kimetoka pamoja na mabadiliko hayo. Dada alikuwa amekisoma kabla ya kufungua dirisha la wagonjwa.

Jioni ukaja ujumbe wake: "Leo wote wamekuja mezani kwangu. Hata daktari."

Nilikuwa nasonga ugali. Niliepua sufuria kwanza, nikakaa kwenye kigoda, nikausoma tena.