Herufi Tatu za Bi Ranjani

Kariakoo ina wagomvi wa kila saizi, lakini kwenye ghorofa ile ya pili, nyuma ya soko, bingwa alikuwa mmoja: Bi Ranjani. Mwembamba kama sindano ya mumewe, na kuchoma anachoma vilevile. Mume, Mzee Vasant, ni fundi wa kukata suti, Mkenya wa Kisumu. Bila miwani hajui kola wala pindo, na miwani hajui ilipo. Bi Ranjani naye ni wa Kisumu. Miaka tisa yuko Dar kwa hati ya mtegemezi wa mumewe, na neno hilo analichukia kuliko mende.

"Mtegemezi," husema. "Mtu hajui soksi zake ziko wapi, halafu mtegemezi ni mimi."

Mambo yenyewe hayana ugumu, hata sisi tulioishia la saba tunayaelewa, na kuwashinda baadhi ya wenye digrii. Mkataba wa Afrika Mashariki unamruhusu mfanyakazi wa nchi moja akienda kufanya kazi nchi jirani aongozane na mkewe na wanawe. Huwezi kumwita mtu aje akukatie suti, halafu mke ukamwambia amwache mpakani. Ila mke huyo amebebwa mgongoni. Ikionekana si mke, anashushwa.

Machi hati ikawa inakwisha. Wakavuka Mnazi Mmoja kwa miguu mpaka ofisi ya vibali kule Posta, bahasha ya kaki kwapani. Ofisa alikuwa kijana wa tai fupi, hakusalimia. Aliyesema "Shikamooni" ni Stella, karani wa meza ya pili.

"Marahaba," akajibu Mzee Vasant peke yake.

Ofisa akapanga karatasi mbili. "Cheti cha ndoa kinasema Ranjan. Pasi inasema Ranjanben. Hawa watu wawili."

"Mtu mmoja," Bi Ranjani akasema. "Kakaa mbele yako, labda huoni vizuri."

"Mama, namuuliza mzee." Akatoa barua kwenye faili. "Kuna raia mwema ametuandikia. Anasema huyu si mke, ni dada mtu, na jina lenyewe linasema."

Barua haikuwa na saini, lakini Bi Ranjani aliitambua herufi R iliyopinda mguu. Ndiyo hiyo hiyo iliyochorwa kwenye kila nguzo mtaani: CHUMBA KIZURI KINAPANGISHWA, MUONE PIUS. Dalali Pius alikuwa amekitolea macho chumba chao cha kona tangu mwaka juzi.

"Mzee, hii 'ben' mwishoni maana yake nini?"

Mzee Vasant hajawahi kusema uongo hata kwa mteja mwenye kitambi. "Ni dada," akasema.

Bi Ranjani akafumba macho. Ni dada, sawa, lakini ni dada wa heshima. Wagujarati kama wao hulibandika neno hilo mwishoni mwa jina la kila mwanamke, kama mtu wa Dar anavyomwita dada muuza maandazi asiyemjua. Mumewe aliulizwa maana, akatoa maana, basi.

"Kwa hiyo mke umemwacha Kisumu, ukamleta dada. Mkataba unasema mke na mtoto. Dada mtu mzima haingii hivi hivi. Mtoto mnaye?"

"Hatukujaliwa."

Ofisa akaliandika hilo nalo. Kalamu ile ilimkwaruza Bi Ranjani mahali ambapo hamruhusu mtu kugusa. Akageukia meza ya pili.

"Wewe hapa wanakuitaje?"

"Dada Stella, mama."

"Na nyumbani mumeo ni kaka yako?"

Stella akaficha uso kwenye faili. Ofisa hakucheka. "Basi mzee, muite mkeo. Jina lililo kwenye pasi, hapa hapa, nisikie."

Mzee Vasant akafungua mdomo, akaufunga. Kwao, mume akimbandikia mkewe lile 'ben' ni kama amemtamkia udada. Miaka thelathini na nane hakulitamka, na hakuwa tayari kulianzia Posta.

"Hata kumtaja unashindwa," ofisa akasema. "Ijumaa mlete jirani wa mlango kwa mlango, asiwe ndugu, asiwe wa jamii yenu. Msipompata, mama ana siku saba za kufunga mizigo."

Mlango kwa mlango, jirani ni mmoja: Evarista, mjane wa Songea. Evarista huanika dagaa za Nyasa kwenye kibaraza wanachochangia, na Bi Ranjani hali nyama wala samaki, hata harufu yake haitaki. Vita hiyo ina miaka tisa, haijawahi kuwa na mapumziko.

Akabisha hodi.

"Nani kafa?" Evarista akauliza kutoka ndani.

"Hajafa mtu. Natafuta shahidi."

"Wa kwamba wewe mkorofi? Hilo naapa hata sasa hivi."

"Wa kwamba mimi ni mke wa mtu. Pius anataka wanifukuze, achukue chumba."

Evarista akafungua mlango nusu. "Aweke nini?"

"Duka la spika."

Spika za Kariakoo hujaribiwa kuanzia asubuhi mpaka jioni, na ukuta kati yao ni wa mbao.

"Ijumaa saa ngapi?"

Ijumaa wakakaa watatu mbele ya tai fupi.

"Unamfahamu Ranjanben?" ofisa akauliza.

"Simfahamu," Evarista akasema.

Bi Ranjani akamgeukia. Ndiyo malipo ya miaka tisa, akajiambia. Nimemleta adui mwenyewe, kwa mkono wangu.

"Huyu hapa, mama."

"Huyu? Huyu mbona anaitwa Sambalo."

Ofisa akaweka kalamu chini. "Sasa majina matatu. Nani kakwambia anaitwa Sambalo?"

"Mumewe. Asubuhi Sambalo, jioni Sambalo. Sambalo, miwani! Naye anakwenda anabwata, lakini anakwenda."

Mzee Vasant akakohoa. "Si jina hilo, bwana. Kwetu ni 'sikia'. Mke hatumwiti jina. Tunasema, sikia."

Evarista akageuka taratibu. "Miaka tisa nakuita Bi Sambalo, kumbe nakuita Bi Sikia, umenyamaza tu?"

"Ulikuwa unanitukana. Nisahihishe lipi, niache lipi?"

"Basi baba, andika," Evarista akamwambia ofisa. "Mimi nina kaka wanne, wote wananiita Evarista. Aliyekuwa hanitaji jina, kazi yake 'wewe, sikia', ni marehemu mume wangu tu."

"Wangu ananiita 'oyaa'," Stella akasema, kichwa bado kwenye faili.

Ofisa akaizungusha pete yake ya ndoa kidoleni. Hakuomba radhi. Akagonga muhuri kama anaua mende. "Mkaape kiapo cha majina, mlete nakala. Na safari ijayo mama apunguze mdomo."

"Safari ijayo wewe usome vizuri."

Nje Mzee Vasant akataka kuisoma hati. Akapapasa mfuko wa shati, wa suruali, wa koti. "Sambalo..."

Bi Ranjani akatoa miwani kwenye pochi yake, akambandikia usoni. "Soma. Soma nani mtegemezi."

Pius walimkuta chini ya ngazi, na kalamu yake nene. Bi Ranjani hakupunguza mwendo. "R yako ina kilema, Pius. Ipeleke hospitali."

Juu, mbele ya milango yao miwili, Evarista akatoa funguo. "Usinishukuru. Nimekataa spika, sikukutetea wewe."

"Sikuwa na mpango huo. Dagaa zako zimelalia shuka langu."

"Basi sikia, Bi Sikia," Evarista akasema, akijua fika mwenzake hashiki samaki, "zitoe mwenyewe."

Akafunga mlango. Bi Ranjani akabaki kibarazani, na hati mkononi, akianza kuzivuta pumzi za kugombana.