Ndizi Si Chakula

Nakumbuka Sabato moja kanisani kwetu Magwagwa, miaka michache baada ya Uhuru, niliposimama mbele ya watu nikasema kufunga ni kazi bure. Mwanangu, nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na ulimi wangu ulikuwa mrefu kuliko akili.

Mambo yalianza hivi. Nilikuwa na kiungulia kisichoisha na tumbo zito kama gunia lililonyeshewa. Kikapu cha majani chai kikiwa mgongoni, nilipumzika mara tatu kilimani kabla ya kufika kituo cha kupimia majani, huku wasichana wakinipita na kuniuliza kama nimekioa hicho kilima. Nyanya yangu, aliyenilea baada ya baba kufa, alikuwa akinitazama miguu kila jioni. Sikujua kwa nini. Mwishowe akaniambia, "Funga kila Sabato. Lipumzishe hilo tumbo."

Nikafunga Sabato nne, kiungulia kikabaki palepale. Basi wakati wa ushuhuda nikainuka. "Ndugu zangu, nimefunga mwezi mzima na sijaona faida."

Kutoka benchi la akina mama, nyanya akauliza bila kuinuka, "Sabato iliyopita ulikula nini?"

"Sikula kitu."

"Hata ndizi?"

"Ndizi nilikula. Tano tu."

"Na viazi?"

"Nyanya, viazi ni chakula? Hivyo vilikuwa vya kuteremshia chai."

Kanisa likaangua kicheko. Unatujua sisi Wagusii: mtu ambaye hajatia mdomoni obokima, ugali wetu wa wimbi, atakuapia kwamba ameshinda njaa, hata kama ametoka kumaliza kichana kizima cha ndizi. Nilikuwa nimeacha obokima peke yake, nikajihesabu mtakatifu. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba changu kilikuwa chini ya shati.

Nyanya hakucheka. Tukirudi nyumbani alisimama njiani akanishika mkono. "Tumbo halijui majina ya vyakula," alisema. "Baba yako alikuwa hivihivi. Alikula katika kila boma alilopita, akisema anaonja tu. Miguu ikamvimba, pumzi zikamwishia, nikamzika hajafika miaka thelathini. Sitaki kuchimba kaburi la pili." Machozi yalimtoka, nami nikaona aibu ambayo mpaka leo naisikia.

Wiki iliyofuata nilifunga kweli. Tangu chakula cha Ijumaa jioni hadi jua la Sabato lilipotua, maji tu. Kichwa kiliniuma, na harufu ya viazi vya jirani ilinihubiria kuliko mchungaji. Jioni nilitaka obokima kubwa; nyanya akanipa kikombe cha uji. Akasema ng'ombe aliyeshinda kambani hafunguliwi kwenye majani mabichi, atavimba tumbo.

Nikaendelea hivyo, Sabato baada ya Sabato. Kiungulia kilipungua kwanza, kisha usingizi wa mchana ukaniacha. Zaidi ya yote nilijifunza kutofautisha njaa na mazoea ya mdomo, kwa hiyo hata siku ambazo sikufunga niliweza kusema imetosha. Asikudanganye mtu kwamba hilo ni jambo dogo. Mwaka haukuisha kabla sijapanda kile kilima bila kutua kikapu, na mmoja wa wale wasichana nikamwoa.

Basi sikia, mwanangu. Tenga siku yako ufunge kwa kweli. Hata soda na mandazi ya kuonja, viache. Kunywa maji. Ukifungua, fungua polepole. Lakini mwenye mimba, mwenye kisukari na anayemeza dawa wamwulize daktari kwanza, maana kufunga si mashindano. Na ukiona tumbo linakusumbua, sema mapema, kwani mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliokolewa na mwanamke mzee asiyeona haya kuniuliza habari za ndizi mbele ya kanisa zima.

Baba yangu hakufika miaka thelathini. Leo mimi nina umri wa kuwa babu yake. Mungu akuzidishie siku kuliko zangu, mwanangu, akupe mwili mwepesi na moyo mtulivu, na utakapoulizwa umekula nini, akupe ulimi wa kuzitaja hata ndizi.