Nilikula Bata Wake

Mwaliko ulikuja kwa simu, mimi nikiwa kwenye cherehani dukani kwangu Nyamisangura, hapa Tarime. Rafiki yangu wa tangu utoto alikuwa anatimiza miaka arobaini na alitaka tukale kwa Mfaransa.

"Si unaijua ile hoteli ya mahema, upande wa Mugumu?" aliniambia. "Mpishi ni Mfaransa mwenyewe. Wazungu wanalala pale kabla ya kuingia hifadhini. Tutakuwa wanne tu: mimi, wewe, rafiki yetu muuguzi na wifi yangu."

"Nitakuja," nikamjibu. "Tena gauni la siku hiyo nitakushonea mimi."

Alifurahi, akacheka. Nilishika gurudumu la cherehani lisizunguke, nikamsikiliza akicheka mpaka akamaliza. Kicheko hicho nilikuwa nacho kwenye simu yangu, na yeye hakujua.

Kabla ya hapo, mama yangu alikuwa ameletwa kwangu kutoka kijijini kwetu Itiryo alipoanza kusahau, baba akabaki kijijini. Kwanza alisahau rangi za ng'ombe wake, halafu wajukuu, halafu akawa ananiita mimi kwa jina la dada yake aliyekwisha kufa. Mchana nilimkalisha dukani karibu nami, nikampa vipande vya kitambaa avikunje. Siku moja nilikuwa nampima mteja, nilipogeuka nikakuta kiti kitupu. Tulimtafuta sokoni, tukamtafuta stendi, tukaenda hadi kanisani. Mvua ikatukuta huko huko, mvua ya mawe. Jioni waendesha bodaboda walimkuta kando ya barabara ya Sirari, mbali na mji, amelowa chapachapa, anatetemeka. Alikuwa anaulizia njia ya Itiryo, ambayo hata haipo upande huo. Akalazwa kwa homa ya mapafu. Hakutoka hospitali akiwa hai.

Msibani, rafiki yangu alifika kabla ya ndugu wengi. Alijifunga kanga kiunoni, akasonga ugali wa waombolezaji, akateka maji. Jeneza liliposhushwa alilia kuliko mimi, mpaka wanawake wakamshika mabega. Nilimshukuru mbele ya ukoo mzima.

Baada ya matanga, binamu yangu anayeishi ng'ambo ya mpaka, Migori, alinitumia video. "Huyu si mama?" aliandika. Ilikuwa imezunguka huko kwenye makundi ya simu, watu wakiicheka, hakuna anayejua imeanzia wapi. Mama amesimama karibu na stendi ya Tarime, gagulo amelivaa juu ya gauni. Anauliza kwa upole, "Mwanangu, njia ya Itiryo ni ipi?"

Sauti ya mwanamke nyuma ya simu inamjibu, "Ile pale, mama. Shika barabara ya Sirari, nyoosha tu, usigeuke."

"Ubarikiwe, mwanangu," mama anasema, anaanza kutembea. Ndipo kicheko kinasikika, kinaanzia chini kama kikohozi halafu kinapanda, kinapanda. Nimekaa dawati moja na kicheko hicho tangu darasa la kwanza. Sikuhitaji kuona uso.

Sikumwambia mtu. Ningeweza kumfuata kwake siku ile ile na kumpiga makofi, na nguvu za kufanya hivyo nilikuwa nazo. Lakini angelia, angesema nimechanganyikiwa kwa msiba, na watu wangemwonea huruma yeye. Nilitaka nimpate ametulia, amependeza, mbele ya watu anaowaogopa. Kwa hiyo nilingoja. Nilisalimiana naye kila tulipokutana. Nilimshonea gauni la satini ya kijani kwa uangalifu kuliko hata la harusi yangu, na nilipompima kiuno, pini zikiwa mdomoni mwangu, alinisimulia jinsi anavyomkumbuka mama. Nilitikisa kichwa tu. Pini zilinisaidia nisiseme.

Siku ilipofika tulipanda gari la wifi yake. Wifi huyo alikuwa mwalimu wa sekondari upande wa Kenya, mlokole, mwanamke ambaye ukoo wa mume wa rafiki yangu haufanyi jambo bila kumuuliza. Rafiki yangu alimwogopa kama mtoto anavyomwogopa mwalimu mkuu. Muuguzi alikaa nyuma pamoja nami. Ndiye aliyekuwa zamu mama alipofikishwa wodini. Tulipita Nyamongo, tukapita Kenyamonta ng'ombe wakirudi nyumbani na kutuzibia njia, tukafika jua likiwa bado juu ya vilima.

Meza ilikuwa imewekwa nje, kitambaa cheupe, uma na visu vingi kuliko tulivyohitaji. Mfaransa mwenyewe alitoka jikoni kutusalimu, mzee mwembamba mwenye aproni, akatuambia "karibuni sana" kwa Kiswahili kizuri tu. Rafiki yangu alimjibu kwa Kifaransa, neno moja alilokuwa amelifanyia mazoezi. Kisha akatuagizia wote bila kutuuliza: supu ya vitunguu, halafu bata.

"Kwani hii ni nini juu ya supu?" wifi aliuliza.

"Mkate na jibini, wifi. Wao huchoma juu hivyo."

Ilikuwa supu tamu. Nasema kweli, sijawahi kunywa nyingine kama ile. Vitunguu vilikuwa vimepikwa mpaka vikawa kama asali, na jibini ilivutika kwenye kijiko. Niliinywa yote, polepole, nikijua kitakachofuata. Muuguzi alikuwa anapiga picha, wifi alikuwa amelegea na kutabasamu, na mimi nilikuwa nimestarehe kuliko wote mezani.

Bakuli zilipoondolewa, rafiki yangu alisimama kutushukuru. Alimshukuru Mungu, akamshukuru wifi yake, akamshukuru muuguzi. Halafu akaweka mkono begani kwangu.

"Na huyu," alisema, machozi yakianza kumlengalenga, "mama yake alikuwa mama yangu. Nilimpenda yule bibi. Angekuwepo leo angecheza."

"Kaa kidogo," nikamwambia. "Na mimi nina zawadi yako."

Akaketi, anatabasamu. Niliegemeza simu kwenye chupa ya maji, kioo kikiwaelekea wao watatu, nikaongeza sauti mpaka mwisho, nikabonyeza.

Mama aliuliza njia. Sauti ikamwelekeza. Mama akabariki. Kicheko kikapanda.

Hakuna aliyeuliza ni nani. Muuguzi alikuwa ameshika leso mdomoni. Wifi alimtazama mke wa kaka yake, kisha akaitazama simu, kisha akamtazama tena.

"Rudisha," wifi akasema.

Nikarudisha. Tukaisikiliza yote upya.

"Ulikuwa utani," rafiki yangu akasema. Sauti yake ilikuwa imekwisha. "Nilidhani mtu wake yuko karibu. Nilidhani wangemfuata. Ningejuaje mvua..."

"Nilimpokea mimi," muuguzi akamkatiza. "Nilimvua nguo zilizolowa mimi mwenyewe. Ulikuja wodini na uji, ukaniuliza mbele ya kitanda chake, 'Jamani, alipotelea wapi?' Ulikuwa unajua."

"Haki, mke wa kaka," wifi akasema taratibu, "na ukasimama kwa kaburi ukalia hivyo?"

Rafiki yangu alinigeukia mimi. Nadhani alitegemea nitamhurumia, kwa sababu siku zote nimekuwa mpole kati yetu. Nilimtazama usoni. Nilitaka kuuona uso ule ukivunjika, na niliuona. Rangi ya mdomo ilikuwa imetapakaa hadi kidevuni. Akainuka, akagonga kiti, akaenda kukaa garini.

Mhudumu alileta bata. Sahani nne, ngozi imekauka vizuri, mchuzi wa machungwa. Akasimama na ile ya nne hajui aiweke wapi.

"Iweke hapa," nikasema.

Nilikula ya kwangu, kisha nikala ya kwake. Muuguzi hakugusa chakula. Wifi aliomba kimyakimya, amefumba macho, halafu naye akala kidogo. Nyama ilikuwa laini, inaachia mfupa yenyewe. Watu huniuliza kama chakula kilipita. Kilipita vizuri sana.

Nyumbani habari ilitangulia. Wifi aliwaambia wazee wa upande wa mume, na tangu hapo rafiki yangu hakuitwa tena kuwapikia wageni pale bomani kwao. Kwaya ya akina mama ikachagua kiongozi mwingine. Muuguzi aliacha kumpigia simu. Mimi sikueneza chochote. Sikuwa na haja.

Kisha mwezi uliopita alikuja dukani mama mzazi wa rafiki yangu. Ametembea kwa fimbo kutoka stendi, kikongwe aliyetulisha viazi na maziwa ya mgando sisi wawili tukitoka shule. Niliinuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Nikamwekea kiti, nikaagiza soda. Hakuinywa. "Nimekuja kumwombea mwenzio. Halali. Anakonda. Mimi ndiye mama yake, nihesabie mimi kosa hilo, umwachilie."

Angeniomba kitu kingine chochote ningempa, na nilimwambia hivyo.

"Wewe sina ubaya nawe, mama. Lakini hilo siwezi kulipokea kutoka kwako. Aje mwenyewe, twende naye Itiryo, akamweleze baba yangu alivyomwelekeza mke wake barabara ya Sirari. Amweleze kwa sauti ile ile. Akimaliza, nitamsikiliza."

"Ataogopa."

"Najua."

Alinyoosha mkono nimwinue. Nilimsindikiza hadi stendi nikimshika kiwiko, nikamtafutia kiti cha mbele, nikamwambia kondakta asimwache ashuke mahali pasipo pake. Alinipungia dirishani.

Binti yake bado hajaja. Mimi nipo dukani kila siku, mlango uko wazi.