Ubao Tuliopaka Mweusi

Jirani yangu hapa Bulengera anatwanga sombe, majani ya muhogo, na ile harufu ya majani mabichi bado inanipandisha hasira. Kule Beni tulitwanga majani namna hiyo, tukachanganya na unga mweusi wa betri zilizokufa, tukapaka ubao wa darasa.

Ubao ndio ulikuwa kitabu chetu. Madame, mwalimu wetu wa Kiingereza, alituandikia hapo hadithi ya mtoto aliyepotea kwenye theluji, kipande kila somo, na kazi yetu ilikuwa kupiga mistari chini ya vitenzi tu. Asubuhi moja aliandika mwisho. Kabla hatujausoma, directeur, mkuu wa shule, akaingia mbio, ndoo ya rangi ile ya majani mkononi.

“Inspecteur anakuya! Mupake tableau! Anataka grammaire, hapana hadisi!”

Mkaguzi alitaka sarufi, lakini mtoto wa hadithi alikuwa angali nje kwenye baridi! Wenzangu wakaanza kupaka kutoka juu, nami nikasimama nikasoma kwa sauti ya kusikika mpaka Butembo.

“Soma mbio!” wakanihimiza, huku wao wakipaka polepole kama konokono wagonjwa.

Nikafika pale mtoto anapogonga mlango wa kwao. Directeur akawanyang'anya kitambaa cha kupakia, akapaka mwenyewe mistari iliyobaki.

“Madame!” nikafoka, machozi yakinitoka. “Balimufungulia?”

Madame akamtazama directeur, halafu mimi.

“Balimufungulia. Ikaa sasa.”

Mpaka leo sijui kama ni hadithi iliyosema hivyo, au ni yeye aliyetaka ninyamaze.